Chipmunk, Bulldog, Harvard au jeti: ndege kuukuu ya kijeshi ipi itaishi Wilson?

Jumamosi moja kapteni mstaafu, mtu wa Karen, alinijia hanga akiwa na picha nne kwenye simu. "Fundi," akaniambia, "nimebakiza ndege moja ya kununua kabla daktari hajanikatalia macho. Nichagulie." Picha ya kwanza ilikuwa Chipmunk. Ya pili Bulldog, ya tatu Harvard, zote tatu ndege za mafunzo za injini ya pistoni, na ya nne ilikuwa L-39, jeti ya mafunzo ya Czechoslovakia iliyopakwa rangi nyeusi ya kutisha watoto. Zote zimewahi kuvaa nembo ya jeshi fulani, na zote leo zinaweza kununuliwa na mtu binafsi mwenye pesa na subira.

Nikamuuliza swali moja tu: "Kapteni, mwaka wa tano unataka uwe unairusha au unaipangusa vumbi?"

Akacheka, lakini hakujibu. Nimekaa Wilson, uwanja wetu wa ndege ndogo Nairobi, miaka ya kutosha kujua kwamba ndege za aina hii hazifi kwa ajali mara nyingi. Zinakufa zikisubiri: plagi iko njiani, cheti kiko mezani kwa mtu, fundi amestaafu, mafuta yameisha. Kwa hiyo nimezilinganisha hizi nne kwa mambo yanayozisimamisha, wala sikuanza na mwendo kasi wala sura. Nayaweka hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza.

Hewa ya Wilson kwanza

Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri ya Februari, joto likifika nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 8,000. Injini ya pistoni isiyo na supachaja, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inabaki hapo na robo tatu hivi ya nguvu zake. Muuzaji aliye Uingereza hakwambii hili, kwa kuwa yeye anairusha kwenye uwanja wa nyasi ulio karibu na bahari.

Kapteni nilimfanyia hesabu ya punda na mzigo: kila farasi wa injini anabeba kilo ngapi?

Chipmunk ina injini ya Gipsy Major ya nguvu za farasi 145. Wilson, adhuhuri hiyo, wanabaki kama 110. Ikijaa hadi kikomo chake ina uzito wa kilo 950 hivi, kwa hiyo kila farasi anabeba karibu kilo 9. Bulldog ina Lycoming ya farasi 200, wanabaki 150, na uzito wake wa juu ni kilo 1,066. Kila farasi anabeba kilo 7. Harvard ni habari nyingine kabisa. Injini yake, Pratt & Whitney R-1340 ya silinda tisa zilizopangwa duara, ina supachaja inayosukuma hewa kwa nguvu, na kiwandani ilipimwa kutoa farasi 550 hata kwenye futi 5,000. Siku ile ile ya joto bado utakuwa na farasi karibu 500 kwa kilo 2,400 za ndege. Kila mmoja anabeba kilo 5.

Kwa hiyo ukiweka watu wawili wenye matumbo ya Nairobi ndani ya Chipmunk, ukajaza matangi, ukaomba kupaa saa saba mchana, usishangae mnara wakikuuliza kama una tatizo. Itapaa, lakini taratibu kama mzee anayepanda ngazi za Times Tower lifti ikiwa mbovu. Na kupaa taratibu Wilson si jambo la utani. Ukipaa kwa njia ya kurukia namba 14 mbele yako kuna mbuga ya wanyama, ukipaa kwa 32 mbele yako kuna Kibra. Injini ikikohoa ukiwa futi 200, upande mmoja kuna simba na upande wa pili kuna mabati ya watu waliolala baada ya zamu ya usiku. Mimi nachagua simba.

Dawa ya Chipmunk ipo, na ni rahisi: ruka saa moja asubuhi, nusu tangi, abiria mwembamba. Anayekubali masharti hayo ataifurahia. Anayetaka kupeleka marafiki Naivasha baada ya chakula cha mchana anunue kitu kingine.

Neno moja kuhusu milima, kwa sababu kila mwenye ndege kuukuu hapa hutamani kupiga picha juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 4 Agosti 2018, Junkers Ju 52 iliyotengenezwa mwaka 1939 ilianguka karibu na mlima Piz Segnas, Uswisi, ikaua watu wote 20 waliokuwemo. Marubani walikuwa wazoefu sana. Wachunguzi walisema iliendeshwa chini mno ndani ya bonde jembamba, bila nafasi ya kugeuza. Ndege yenye nguvu chache inahitaji kuingia bondeni kutoka upande wenye njia ya kutokea, na ukingo wa Limuru hauna huruma kuliko Alps.

Mchoro uko kwa nani?

Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo wanunuzi hawaliulizi.

Ndege ni chuma, lakini uhai wake uko kwenye makaratasi ya aliyeichora. Ukikuta ufa mahali ambapo kitabu hakisemi kitu, lazima kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kukwambia: paka rangi ya kupenya, kagua, kata, badilisha, au endelea saa 50 kisha uangalie tena. Mtu huyo asipokuwepo, ndege imekwisha hata kama injini inaimba.

Mfano mkubwa ni Vulcan XH558, ile ndege ya Uingereza ya kubeba mabomu ya nyuklia. Watu walichanga mamilioni ya pauni, ikarudi angani Oktoba 2007. Ikaruka miaka minane. Mwaka 2015 kampuni tatu zilizokuwa zikiisimamia kiufundi, Rolls-Royce, BAE Systems na Marshall, zikasema ujuzi wa kuihakikishia usalama hauwatoshi tena, zikajiondoa. Oktoba mwaka huo huo ikatua mara ya mwisho. Haikuanguka, haikuungua. Ilikosa watu wa kuweka sahihi.

Sasa rudi kwenye picha za Kapteni. Chipmunk na Bulldog zina mlezi mmoja: De Havilland Support, iliyoko Duxford, Uingereza, inayoshikilia vyeti vya aina (idhini rasmi ya muundo) vya ndege hizo na inayotoa maelekezo ya kiufundi hadi leo. Unaandika barua pepe, unajibiwa na mtu aliyewahi kuigusa ndege unayoiongelea. Gharama ipo, ila jibu lipo.

Harvard haina mlezi wa namna hiyo. North American, waliotengeneza, waliungana na Rockwell mwaka 1967, na mwaka 1996 mabaki yakaishia Boeing. Kinachoilea ni wingi: zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na Afrika Kusini jeshi lao liliziendesha hadi mwaka 1995, kwa hiyo ujuzi bado uko kusini ya bara letu. Kitu kikiharibika kwenye Harvard moja, wenye Harvard dunia nzima wanasikia. Mwaka 2005 bawa la T-6 moja (ndilo jina la Harvard kwa Wamarekani) lilikatika angani Florida. Mamlaka ya Marekani ikatoa amri ya dharura ya kukagua vyuma vya pembe vinavyoshikanisha mabawa, na kurudia ukaguzi huo mara kwa mara. Amri kama hiyo ni usumbufu na ni baraka. Usumbufu kwa sababu unafungua bolti nyingi sana. Baraka kwa sababu umeambiwa mahali pa kutazama.

L-39 bado ina kiwanda chake, Aero Vodochody, na zilitoka karibu 3,000. Lakini kiwanda kinaongea na majeshi. Wewe mwenye ndege moja Nairobi utapangwa mwisho wa foleni, nyuma ya serikali.

Spea, na mikono ya kuifunga

Ukipita hanga za Wilson leo utaona Cessna Caravan baada ya Caravan. Vijana wetu wamekulia kwenye turbini ya PT6. Ukimwamsha usingizini atakutajia viwango vyake. Ukimpa kijana huyo huyo Gipsy Major, injini iliyopinduliwa, vichwa vya silinda viko chini na shafti iko juu, atakutazama kama umempa cherehani ya bibi yake. Si kosa lake. Mafundi waliofunga Gipsy kwa mikono yao hapa Nairobi wengi wako mashambani wanafuga ng'ombe, na wengine tumewazika.

Hapo ndipo Bulldog inaposhinda bila kelele. Lycoming IO-360 ni ukoo ule ule wa injini zilizo kwenye ndege za shule za urubani hapa hapa. Plagi, kichujio, magneto inayozipa plagi umeme, pampu ya mafuta: leo asubuhi unaweza kutoka hanga moja kwenda nyingine ukaazima. Fundi wa kuifunga hutamtafuta Nyahururu.

Chipmunk inakutaka ujipange mapema. Nilishauri Kapteni kwamba anayenunua Chipmunk anunue pia injini ya pili, iliyolala kwenye sanduku lenye mafuta ya kuzuia kutu, pamoja na silinda mbili za akiba. Tena aangalie namna inavyowashwa. Zile za jeshi la Uingereza zilikuwa zinawashwa kwa fataki, risasi tupu inayolipuka na kuisukuma injini izunguke. Inapendeza kweli, moshi unatoka na watoto wanapiga makofi. Ila fataki hizo zimeadimika, na kuziingiza nchini ni kuingiza vilipuzi. Tafuta iliyokwisha kubadilishwa ikawekewa stata ya umeme.

Harvard nayo ina tabia zake. Ikilala siku tatu, oili inateremka kwenye silinda za chini, na ukibonyeza stata bila kuizungusha propela kwa mkono kwanza utapinda fimbo ya pistoni. Hapo umeua injini nzima kwa uvivu wa dakika mbili. Habari njema ni kwamba R-1340 ilifungwa kwenye ndege nyingi za kazi, zikiwemo Otter za Canada na ndege za kunyunyizia dawa mashamba, kwa hiyo karakana za kuikarabati bado zipo ng'ambo. Utaituma kwa sanduku na kuisubiri. Miezi minane ukiwa na bahati.

Niseme kidogo kuhusu jaribu letu la nyumbani. Nairobi hakuna kitu cha chuma kisichochongeka. Peleka kipande Kariobangi Light Industries, kesho utapewa pacha wake, na cha kukutisha ni kwamba hutaweza kuvitofautisha kwa macho. Mteja mmoja aliwahi kuniletea bolti mbili mkononi akaniuliza ipi ni ya kiwandani. Nilikosea.

Sura si nguvu. Desemba 2013, Tiger Moth, ndege kuukuu ya mafunzo ya mbao na kitambaa, ilivunjika bawa hewani karibu na kisiwa cha South Stradbroke, Australia, watu wawili wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba fito za chuma zinazofunga mabawa kupitia chini ya kiwiliwili zilikuwa zimekatika kwa uchovu wa chuma, yaani nyufa za chuma kilichochoshwa na mizigo ya mara kwa mara, penye hesi. Zilikuwa fito za badala, tena zilizotengenezwa kwa idhini rasmi, si za kuibia. Kama fito zenye karatasi zinaweza kufanya hivyo, fikiria za kwetu zisizo na karatasi.

Na karatasi yenyewe isikulaghai. Kuna wakati nilipokea magneto kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye sitamtaja, boksi jipya, lebo inasema imefanyiwa ukarabati kamili. Nilipoifungua ndani nilikuta utando wa buibui. Buibui mwenyewe alikuwa amehama.

Tiger Moth sikuiweka kwenye ulinganisho huu ingawa watu wengi wanaipenda. Haina breki, mkiani imekaa juu ya kisigino cha chuma badala ya gurudumu, haina umeme wa maana wa kuendesha redio. Kwenye lami ya Wilson, upepo wa ubavuni ukivuma na Dash 8 ya abiria ikikusubiri nyuma, ni mateso. Ipeleke Orly, uwanja mdogo wa ndege kule Kajiado, ufurahie pole pole. Na kitambaa chake kikinge jua la ikweta, na mbao zake zikinge mchwa.

Mafuta yenye risasi

Ndege tatu kati ya nne zinakunywa avgasi, petroli ya ndege yenye risasi. Risasi hapa ni ile madini, si ya bunduki, ingawa kwa ndege za kijeshi zote mbili zinahusika. Kemikali inayotia risasi hiyo hutengenezwa na kiwanda kimoja tu kilichobaki kwa soko la kawaida, kilichoko Ellesmere Port, Uingereza. Marekani wamejiwekea lengo la kuachana na avgasi yenye risasi ifikapo mwisho wa 2030. Sisi tunaagiza kutoka nje, na kila Cessna ndogo inapobadilishwa na Caravan inayotumia mafuta ya jeti, wanunuzi wa avgasi Wilson wanapungua kwa mmoja. Bidhaa yenye wanunuzi wachache unajua bei yake inaelekea wapi.

Chukua saa 40 kwa mwaka, ambazo kwa mtu binafsi ni nyingi. Chipmunk inakunywa lita 35 hivi kwa saa, kwa mwaka ni 1,400. Bulldog lita 40, kwa mwaka 1,600. Harvard inakwenda lita 120, kwa mwaka 4,800, na oili yake haihesabiwi kwa chupa, inahesabiwa kwa madebe. L-39 inatumia mafuta ya jeti, ambayo yapo tele, lakini ni lita 500 na zaidi kwa saa. Kwa mwaka zaidi ya 20,000. Ukiishusha chini kwa ajili ya picha inakunywa zaidi.

Injini ya Gipsy ilizaliwa enzi za petroli dhaifu, kwa hiyo siku avgasi ikiadimika, yenyewe ndiyo itakayohangaika kidogo kuliko zote. Tena risasi iliyozidi ndiyo inayochafua plagi zake. Hii ni pointi ya Chipmunk, na sitaki kuinyima.

Kibali

Ndege yenye cheti cha aina cha kiraia hupewa cheti cha kawaida cha ubora. Ndege iliyotoka jeshini moja kwa moja, bila cheti hicho, huruka kwa kibali maalumu chenye masharti: wapi, lini, nani ndani. Kibali cha nchi moja hakivuki mpaka chenyewe. Safari ya Arusha inahitaji ruhusa ya Watanzania kabla hujawasha injini. Na usifikirie kulipisha abiria ili upate pesa za mafuta. Marekani huruhusu kwa masharti safari za kulipia kwenye ndege za Vita vya Pili, lakini B-17 moja, ndege ya mabomu, ilianguka Connecticut tarehe 2 Oktoba 2019, ikaua watu saba. Wachunguzi walilaumu rubani, na matengenezo pia. Ruhusa ya wenye ndege ile ikafutwa.

Nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla ya kulipa, si baada. Ndege ikishafika Mombasa kwenye kontena, kila siku ya kungoja barua inalipiwa.

Bulldog nyingi za Uingereza zinaruka kwa cheti cha kawaida, na hilo litakupunguzia nusu ya maelezo. Jambo la kuangalia ni hesabu ya uchovu wa mabawa. Jeshi la Uingereza liliziendesha kwa fujo, mizunguko na kupinduka kila siku, na kila ndege ilitunziwa hesabu yake. Ndege mbili zenye saa sawa zinaweza kuwa moja kijana na moja ajuza. Logibuku ya ndege si ile ya gari ambayo Mkenya anaipeleka benki kuweka rehani. Ni historia ya ugonjwa. Isome yote.

Na weka transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, hata kama inaharibu sura ya kale ya dashibodi. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya mbuga yetu, watu wawili wakafa kwenye Cessna. Anga ya Wilson imejaa, na ndege ya rangi ya majani juu ya majani haionekani.

Jeti, kwa ufupi

L-39 ndiyo iliyomfanya Kapteni atabasamu kama mtoto, kwa hiyo nilijaribu kuwa mpole. Tatizo la kwanza si mafuta, ni viti. Vinafyatuliwa kwa vilipuzi vyenye tarehe ya mwisho, kama dawa ya chemist. Jeti ya Hunter iliyoanguka Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015 na kuua watu 11 waliokuwa barabarani, wachunguzi walikuta vilipuzi vya viti vyake vimepitwa na tarehe. Havikusababisha ajali ile, ila viliwahatarisha waokoaji. Na Novemba 2009, Afrika Kusini, jeti ya Lightning ya mtu binafsi ilishika moto kwenye maonyesho. Rubani alijaribu kuruka, kifuniko cha juu hakikung'oka, akafa nayo.

Jiulize ni nani Nairobi atakuuzia vilipuzi vipya kila vikiisha muda, na ni ofisi ngapi utapita kuviingiza. Ukizima viti ili ukwepe usumbufu, umejipa jeti ya mwendo mkubwa isiyo na mlango wa kutokea, kwenye uwanja wenye njia ya kilomita moja na nusu na mitaa pande tatu. Nikamwambia Kapteni jeti aiache. Hakubisha sana. Nadhani mkewe alikuwa amemtangulia kumwambia.

Harvard na Nyandarua

Ukiangalia nguvu tu, Harvard ndiyo ndege ya Nairobi. Haitetemeki juani, inabeba watu wawili na mizigo yao, na sauti yake hakuna anayeisahau, kwa sababu ncha za propela zinakaribia mwendo wa sauti.

Hapo kwenye sauti ndipo nilipo na neno. Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi cha Harvard hapa Kenya, 1340 Flight, kilichokaa Thika kisha Mweiga, kikadondosha mabomu madogo ya kilo tisa hivi kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwatafuta Mau Mau. Namba ya kikosi na namba ya injini zimegongana kwa bahati tu, ila mimi kila nikisoma 1340 kwenye kibati cha injini nakumbuka. Nyanya yangu, mama mzaa baba, alikuwa msichana upande wa Othaya. Alikuwa akisema sauti ile ilitangulia ndege, na mbuzi walijua kabla ya watu.

Simkatazi mtu. Ndege haikuamua ibebe nini, na Harvard nyingi hazikudondosha chochote popote. Lakini anayeirusha chini chini juu ya Nyeri Jumapili asubuhi, ikiwa na nembo za Uingereza kwa ajili ya uhalisia, ajue kuna wazee bado hai huko. Akiipaka njano ya mafunzo na kukaa upande wa Magadi, mimi nitamfungia plagi kwa furaha.

Chipmunk na Bulldog zina hadithi nyingine. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipozaliwa Juni 1964, pale Eastleigh, Chipmunk zilikuwa miongoni mwa ndege zake za kwanza. Vijana wa Kenya waliokuja kurusha Hunter na F-5 wengi walianzia ngazi hiyo. Bulldog zikafuata miaka ya sabini, 14 kwa jumla. Kuna wazee Nairobi hii watakaolia wakiketi tena ndani ya moja. Ukitaka kuipaka rangi za kikosi, omba ruhusa ya maandishi kwanza. Baada ya Agosti 1982 watu hawachukulii kirahisi ndege yenye nembo ya jeshi isiyo ya jeshi.

Nilivyomwambia

Kama una hanga Orly, asubuhi zako ni zako, una injini ya akiba na mzee mmoja wa Gipsy anayekubali kufundisha kijana, chukua Chipmunk. Ndiyo tamu kuliko zote mkononi. Usukani wake unauelekeza kwa vidole viwili. Mimi kama ni pesa yangu na moyo wangu, ningeichukua hiyo, na ningejuta kila Machi mvua ikianza na udongo mweusi wa Kajiado ukashika magurudumu.

Kama una mfuko mrefu kweli, si wa kununua bali wa kulipa mwaka hadi mwaka, na rubani aliyezoea gurudumu la mkiani, Harvard. Gawaneni watu wanne. Harvard ya mtu mmoja Nairobi nawapa miaka mitatu, yeye na ndege.

Kapteni hana hanga Orly, ana nafasi Wilson. Ana miaka 68. Anataka kuruka Jumatano saa nne asubuhi na mjukuu wake, kisha arudi nyumbani bila kunipigia simu. Nikamwambia Bulldog. Uso ukamshuka. Akasema, "Fundi, hiyo si ni Cessna iliyovaa buti?" Nikamwambia ndiyo, na buti zenyewe zinashonwa hapa hapa.

Wiki iliyopita alinitumia picha za Bulldog inayouzwa Uingereza. Rangi inang'aa, viti vipya vya ngozi, hata mazulia. Nikamjibu amwombe muuzaji ukurasa wa hesabu ya uchovu wa mabawa. Ametuma picha zingine sita za mazulia.